DNA ni Mtaa Gani?

Mama yangu huweka pamba ndani ya kopo la dawa.

Ni kopo jeupe la plastiki, la vidonge tisini. Akilifungua tu mara ya kwanza, hukata kipande cha pamba, akakikunjakunja, akakisokomeza juu ya vidonge mpaka kopo likitikiswa lisitoe sauti. Tabia hiyo aliianza enzi tulipokaa kambini Jinja, hapa Uganda, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na jirani akisikia chaka-chaka-chaka ndani ya mkoba wako wa kanisani basi habari zako zote anazo. Siku hizi anakaa Njeru, ng'ambo ya mto, peke yake, kwenye nyumba yenye ua. Pamba bado anaweka.

Jumamosi moja nilikuwa nimekaa naye barazani, anachagua maharage kwenye ungo. Juzi yake alikuwa ametoka kliniki, kupimwa wingi wa VVU kwenye damu.

"Wamenipa tena ile karatasi," akasema bila kuinua macho. "Havionekani."

"Hongera, Mama."

"Hongera ngoja kwanza. Havionekani kwa sababu havipo, au kwa sababu vimejificha?"

"Vimejificha."

"Wapi? Mguuni? Kichwani?"

Nikamwambia, kwa ile sauti yetu sisi tuliosoma, kwamba viko kwenye DNA, ndani ya seli.

Akaokota jiwe, akalitupa uani. "Na hiyo DNA ni mtaa gani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Wiki sita sasa swali hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

## Mtaa si mmoja

Mimi kazi yangu ni kompyuta. Nachambua data za maabara, naenda na kurudi Entebbe kila siku, na sijawahi kumtoa mtu damu hata mara moja. Nilidhani jibu la Mama ninalo, nimekosa tu lugha nyepesi ya kumpa. Kumbe hata jibu lenyewe sikuwa nalo.

Hebu tuanze na ninachokijua. Kirusi kikishaingia kwenye seli ya CD4, mojawapo ya seli za kinga ya mwili, hugeuza maandishi yake yawe DNA, herufi kama 9,700 hivi, kisha kimeng'enya chake kiitwacho integrasi kinapasua DNA ya mwenye nyumba na kuyapachika humo. DNA yetu ina herufi kama bilioni tatu. Kwa hiyo ni kama ukurasa mmoja uliochomekwa ndani ya maktaba nzima, na katika kila seli umechomekwa mahali tofauti. Ukiniuliza mtaa, lazima niulize seli ipi.

Dolutegravir, dawa mojawapo iliyo ndani ya TLD, kidonge cha Mama, kazi yake ni kuizuia integrasi isipachike. Inazuia mpangaji mpya. Aliyekwisha kuingia na kufunga mlango haimgusi.

Basi nikaanza kutafuta anwani.

## Kinapenda penye watu

Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha anwani 524 za VVU kutoka kwenye seli za maabara. Zilikuwa asilimia 69 ndani ya jeni, vile vipande vya DNA vyenye maagizo ya kazi za seli, wakati jeni ni kama theluthi tu ya DNA yote. Tena walikuta kirusi kinachagua jeni zilizo kazini, zile zinazosomwa na seli usiku na mchana. Kinapenda penye shughuli, kama mtu anayetafuta fremu ya duka Kampala: hataki Kyengera ndani ndani huko, anataka barabarani.

Ndani ya miaka michache ikajulikana nani anakishika mkono. Ni protini ya seli yetu wenyewe, jina lake LEDGF, ambayo upande mmoja hukaa kwenye DNA ya jeni zinazosomwa na upande wa pili huishika integrasi. Baadaye akajulikana na mwenyeji wa pili, CPSF6, anayeshika kapsidi, lile ganda la kirusi, na kulisogeza ndani zaidi ya kiini cha seli. Ukimwondoa CPSF6, kirusi kinabaki kujipachika pembezoni, kwenye DNA iliyolala karibu na ukuta wa kiini. Ukimwondoa LEDGF, kupenda jeni kunapungua lakini hakuishi.

Hili la mwisho ndilo lililonitia tamaa. Kama hakuishi, kuna mwingine.

## Manyapara

Kuna kundi la protini ambazo kwenye vitabu huitwa protini za unukuzi. Hukaa juu ya DNA mahali maalumu, kila moja na herufi zake inazozitambua, na huamuru jeni ya jirani isomwe au inyamaze. Mimi naziita manyapara. Zimesimama pale na filimbi.

Nikajiuliza: je, manyapara ndio wanaokiitia kirusi? Kama kinajipachika karibu nao, basi jibu la Mama limepatikana, na ni jibu zuri: kaangalie wanakosimama manyapara.

Nikachota orodha za anwani zilizowekwa wazi mtandaoni. Nikachota ramani za manyapara kutoka mradi wa ENCODE, uliopima protini nyingi sana za aina hiyo zinakaa wapi kwenye DNA ya binadamu. Nikaandika programu fupi: kwa kila anwani ya kirusi, hesabu manyapara walio ndani ya herufi elfu mbili huku na elfu mbili huku. Halafu fanya hivyo hivyo kwa anwani za kubahatisha, zilizookotwa popote pale. Nikaiacha kompyuta ikiunguruma, nikaenda kulala.

Asubuhi nilikuta mstari mwekundu, wa kirusi, umeinuka juu ya ule wa kijivu, wa kubahatisha, kama kilima cha Wanale ukikitazama ukiwa Mbale mjini.

Nakiri nilipiga picha kioo cha kompyuta kwa simu.

Niliipeleka kwa dada mmoja pale kazini, mzaliwa wa Kasese, mtu wa maneno machache. Akaitazama muda mrefu, akanirudishia simu.

"Umelinganisha na nini?"

"Na sehemu za kubahatisha."

"Popote?"

"Popote."

"Aa," akasema, akarudi kwenye chai yake.

## Wezi wa simu na rolex

Ile "aa" ilinichukua siku mbili kuielewa, na nikaielewa nikiwa Old Taxi Park, mkono umeshika mfuko wangu wa suruali.

Chukua ramani ya Kampala. Weka alama kila mahali simu ilipoibwa. Halafu weka alama kila kibanda cha rolex. Utakuta wizi mwingi umetokea hatua chache kutoka kwenye chapati na mayai. Ukilinganisha na nukta za kubahatisha, ambazo nyingine zimeangukia ziwani, nyingine kwenye kinamasi cha Lubigi, tofauti itakuwa kubwa mno. Je, wezi wanapenda rolex?

Mwizi anafuata watu. Muuza rolex naye anafuata watu. Hawajuani.

Mimi nilikuwa nimelinganisha taxi park na ziwa. DNA ya binadamu ina majangwa makubwa yasiyo na jeni, na nukta zangu za kubahatisha zilimwagika humo kwa wingi, wakati kirusi kilishapelekwa mjini na LEDGF tangu mwanzo. Manyapara nao wanakaa mjini, kwa sababu kazi yao iko huko.

Nikarudia. Safari hii kila anwani ya kirusi niliipa wenzake wa kulinganishwa nao kutoka ndani ya jeni zinazosomwa, mahali penye msongamano wa jeni unaofanana, DNA ikiwa imefunguka kwa kiasi hicho hicho. Ilinibidi pia nikumbuke kwamba baadhi ya njia za zamani za kutafuta anwani zilikata DNA kwa vimeng'enya vinavyokata penye herufi fulani tu, kwa hiyo anwani zilizo karibu na mikato hiyo zilionekana kirahisi kuliko nyingine.

Mlima ukashuka ukawa kichuguu.

Na hata kile kichuguu sikukiamini, maana nilikuwa nimegundua aibu nyingine. Ramani nyingi za manyapara nilizochota zilitokana na seli za K562, za saratani ya damu, ambazo si seli za CD4 wala ndugu zake wa karibu. Manyapara hubadilika kutoka seli moja hadi nyingine. Ndiyo maana seli ya ini si seli ya ngozi ingawa zina DNA moja. Nilikuwa nahesabu wezi wa Kampala kwenye ramani ya Mbarara.

Ile picha nikaifuta kwenye simu.

## Hata hivyo swali halikuwa la kijinga

Hapa naomba nijitetee kidogo. Kuna kirusi ambacho kweli kinafuata manyapara, nacho ni cha saratani ya damu ya panya, MLV. Binamu wa mbali wa VVU. Chenyewe hakijali katikati ya jeni. Kinatua mlangoni, pale jeni inapoanzia kusomwa, na kwenye swichi za mbali zinazoipa jeni nguvu. Maeneo hayo yamejaa manyapara. Mwaka 2013 ikaonekana kwamba wanaokishika mkono ni kundi la protini ziitwazo BET, ambazo hukaa hasa kwenye swichi hizo.

Na tabia hiyo ilikuja na gharama. Kule Paris madaktari walikitumia kirusi cha aina hiyo, kilichoondolewa makali, kupeleka jeni nzima kwa watoto waliozaliwa bila kinga ya mwili. Watoto wakapata kinga. Kisha baadhi yao wakapata saratani ya damu, hasa kwa sababu kibebeo kilikuwa kimejipachika karibu na jeni ya LMO2 na kuiwasha isizimike. LMO2 yenyewe ni msaidizi wa manyapara.

Kwa hiyo virusi viwili, vyote vinapachika DNA, kimoja kinamfuata mwenye filimbi na kingine kinafuata msongamano. Kama ningekuwa nimeanza na MLV, mlima wangu ungebaki mlima. Najua hii haisaidii kitu, lakini usiku fulani ilinisaidia kulala.

## Picha ya Walukuba

Nilirudi Njeru baada ya wiki tatu, bila jibu. Mama alikuwa ametoa albamu, anamtafutia binamu yangu picha ya kipaimara. Akanionyesha nyingine: wanawake kumi na mmoja, nje ya kanisa Walukuba, mwaka 2003, kikundi chao cha wenye VVU. Walikuwa wanakutana kila Alhamisi, wanafuma vikapu na kuambiana nani amezidiwa. Dawa za bure zilianza nchini 2004. Mama alizipata 2005.

"Watatu tumebaki," akasema. "Wasichana wa kliniki wananiuliza, Mama, siri yako nini? Ulikula nini? Nawaambia mnaniuliza mimi kwa sababu wengine hawapo wa kuulizwa."

Akafunga albamu.

Nilikaa pale kama mtu aliyemwagiwa maji. Ndicho nilichokuwa nafanya wiki zote hizo: nauliza waliobaki.

Anwani zinazopatikana ndani ya mtu aliyekunywa ARV miaka mingi hazituambii kirusi kilipenda kuingia wapi. Zinatuambia seli zipi hazikufa. Siku ya kwanza kirusi kilijipachika kila mahali penye shughuli. Seli zilizowashwa zikatengeneza virusi, zikafa au zikakamatwa na kinga. Zilizonyamaza zikabaki. Miaka ikapita, uchujaji ukaendelea, na sisi tunakuja mwishoni na ndoo zetu kuhesabu kilichobaki kwenye chujio, halafu tunakiita mapenzi ya kirusi.

Nilipoanza kusoma kwa jicho hilo, mambo yakapangika upya. Mwaka 2020 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa watu 64 ambao miili yao inakidhibiti kirusi bila dawa yoyote, wakilinganishwa na 41 wanaotumia dawa. Ndani ya wale 64, virusi vizima vilivyobaki vilikuwa mahali pa ajabu: karibu na kiuno cha kromosomu, kwenye DNA ya kujirudiarudia isiyosomwa, na ndani ya jeni fulani za kromosomu ya 19 ambazo seli huzifungia. Jangwani. Mwanamke mmoja wa California alichunguzwa seli zaidi ya bilioni 1.5, kirusi kizima hakikupatikana. Na tafiti za baadaye kwa watu waliokunywa dawa kwa miaka kama ishirini zinaelekea huko huko, ingawa taratibu: vinavyobaki ni vile vilivyo mahali kimya.

Mama yangu ana miaka ishirini kwenye dawa.

## Jirani mwenye spika

Lakini sikutaka tena kukimbilia mlima. Kuna mambo mawili yanakataa kukaa vizuri kwenye hadithi hii ya jangwa.

La kwanza: kuwa mjini si lazima kuwe kuamka. Ukikaa ndani ya jeni inayosomwa kwa kasi, mashine ya kusoma inayoanzia kwa mwenye nyumba inapita juu yako mfululizo na kuwafagia manyapara waliotaka kusimama kwenye mlango wako. Kila mwenye kioski karibu na mhubiri wa spika pale taxi park anaijua hali hii. Una mdomo, una bidhaa, nani atakusikia?

La pili ndilo linaloniogopesha. Mwaka 2014 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba ndani ya wagonjwa wanaotumia dawa, seli fulani zenye kirusi zimezaana na kuwa nyingi, zote na anwani ileile hadi herufi. Na jeni moja ilijitokeza mara kwa mara kwa namna isiyoweza kuwa bahati: BACH2. Kirusi kimekaa humo kikiangalia upande uleule ambao jeni inasomwa. BACH2 ni nini? Ni nyapara, mmoja wa wanaoamua seli ya kinga iishi muda gani na iwe nini.

Mimi nilikuwa nawatafuta manyapara wanaokaa karibu na kirusi. Kumbe kuna mahali kirusi kimekaa ndani ya nyumba ya nyapara mwenyewe, kimeshika filimbi yake, na seli nzima inaongezeka badala ya kufa.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa Mama anaposema karatasi ya "havionekani" haimlazi usingizi kama wanavyodhani.

Na kirusi kina swichi zake binafsi, kila kinakokwenda kinakwenda nazo. Kwenye mlango wake wa mbele kuna mahali pa kusimama manyapara wetu: VVU vya aina ya B vina nafasi mbili za nyapara aitwaye NF-κB, vya aina ya C kwa kawaida vina tatu, na za nyapara mwingine, Sp1, ziko tatu. Seli ikiwa imepumzika, NF-κB amefungiwa nje ya kiini. Seli ikishtushwa, tuseme na maambukizi mengine, anafunguliwa, anaingia, anasimama mlangoni. Hivyo anwani ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni nani kaamshwa leo.

Sisi Uganda tuna hasa VVU vya aina A na D, wakati tafiti nyingi nilizozisoma ni za aina B. Kuna moja iliyofanyika Rakai, ikachapishwa 2017, ambayo ilihesabu seli zenye kirusi kinachoweza kuamka kwa watu waliodhibitiwa na dawa, ikakuta ni pungufu kama mara tatu kuliko kwa wenzao wa Baltimore, Marekani. Nimeisoma mara nne. Ningekuwa yule wa zamani ningekwisha kuandika kwamba kirusi chetu kinalala mtaa tofauti. Sasa hivi nasikia tu ile "aa" na kijiko kikigonga kikombe.

## Jumamosi iliyopita

Nilimweleza yote, barazani. Nilitumia maharage. Nikamwaga gunia la kilo tano kwenye ungo mkubwa, nikatia punje moja moja za mahindi, nikamwambia haya mahindi ndiyo yenyewe. Kila moja lilidondoka mahali pake. Mengi yalikuwa juu juu, yakaokotwa. Yaliyobaki yako chini, na kuna machache yanayojizalisha.

"Kwa hiyo hakuna mtaa," akasema.

"Kuna mitaa mingi, Mama. Mingi imeshasafishwa. Iliyobaki, mingine majirani wake wamelala, na vyenyewe vimelala. Mingine sijui... mingine vimemshika mwenye mtaa."

"Na dawa?"

"Dawa inazuia visihamie seli nyingine."

"Siku nikiacha?"

"Ukiacha, kimoja kikiamka kinatosha."

Akachukua ungo kwenye mapaja yake, akaanza kuyaokota yale mahindi, maana maharage yalikuwa ya jioni na mimi nilikuwa nimeyaharibu. Alipata saba. Nilikuwa nimetia nane.

Simu yake ikalia, kengele ya saa mbili usiku. Akanikabidhi ungo, akaingia ndani. Nilisikia kifuniko kikizungushwa, kisha maji kwenye kikombe. Vidonge sikuvisikia.